Mlango wa Kilabu

Mtu ahamapo kwao hawezi kuchukua shamba lake, wala kisima chake, wala kivuli cha mwembe aliouzoea. Huchukua vitu vichache visivyo na uzito: lugha, namna ya kupika, namna ya kuomboleza, na nyimbo. Katika karne iliyopita watu wa Afrika ya Mashariki waliongeza kitu kimoja katika mzigo huo mwepesi, nacho ni mpira. Popote palipokuwa na kazi ya mshahara, bandarini, katika stesheni za reli, katika mashamba ya mkonge, watu waliotoka mbali walikutana jioni kazi ikiisha, wakachora mistari mchangani, wakaipa timu yao jina la nyumbani. Katika insha hii nataka, msomaji, tulitazame jina hilo na kuuliza: kilabu kilichoanzishwa na wageni ni cha nani? Ni cha waliokianzisha na watoto wao, ama ni cha mji uliowapokea? Na kwa kuwa kila kilabu kina mlango, ni nani mwenye haki ya kuufunga?

Usidhani swali hili ni la Nairobi peke yake. Hapa petu, kutoka Mtwapa hata Mambrui, ni vigumu kumpata mtu anayeweza kuapa kwamba yeye ni mwenyeji na hakuwa mgeni kamwe. Wamijikenda wenyewe husimulia kwamba wazee wao walitoka Shungwaya, kaskazini, wakaja kujenga kaya zao katika misitu. Na misitu hiyo mwaka 2008 iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Malindi, mji uliokuwa na sifa zamani, ulikuwa umehamwa hata Sultani Majid wa Unguja alipouweka tena watu mwaka 1861, nao wakaja Waarabu, Waswahili na askari, na pamoja nao watumwa wengi waliolima mtama na ufuta wasiokula wao. Baadhi ya watumwa hao walitoroka wakajenga vijiji vyao porini, kama Fuladoyo. Wengine walikimbilia misheni ya Rabai. Karne ya ishirini ilipoingia, mkonge wa Vipingo uliita watu wa bara. Katika miaka ya 1960 vita vya kaskazini viliwaleta Wabajuni na mashua zao. Kisha wakaja Wataliano. Mwalimu wa Malindi akifungua daftari la darasa na kuita majina, ataita historia yote hiyo kwa dakika tano, na kila jina litaitika “Nipo.”

Basi kwanza na tuseme bila kigugumizi kwamba si kosa watu wa asili moja kukusanyika ugenini. Mfikirie kijana aliyetoka Samia au Siaya katika miaka ya 1950 akashuka garimoshi Nairobi. Mji umegawanywa kwa rangi za watu. Vilabu vizuri vyenye nyasi zilizokatwa ni vya Wazungu, na Mwafrika haingii humo ila akibeba sinia. Chumba anagawana na wenziwe. Akiugua, nani atampelekea uji? Akifa, nani atalipa nauli ya maiti yake hata kwao? Waliojibu maswali hayo walikuwa ni vyama vya watu wa kwao, vilivyochanga senti kwa senti, vikazika wafu, vikasomesha watoto, vikawatafutia kazi waliofika jana. Timu ya mpira ilikuwa tawi la mti huo. Anayemlaumu kijana yule kwa kutafuta watu wa lugha yake, na amlaumu pia aliyenyeshewa kwa kukimbilia barazani.

Historia ya vilabu viwili vikubwa vya Kenya ilianza hivyo. Nairobi ilikuwa na timu ndogo nyingi za Waluhya, kila moja ikiwa na watu wa upande wake: Wamarama, Wasamia, Wabunyore, Wakisa na wengineo. Mwaka 1964 ziliunganishwa zikawa kilabu kimoja, Abaluhya. Wajaluo nao walikuwa na Luo Union, mabingwa wa Kenya mwaka huo huo wa 1964, na Luo Stars. Mwezi wa Februari 1968 vikaungana, na kilabu kipya kikaitwa Gor Mahia, kwa jina la mtu wa zamani wa nchi ya Wajaluo aliyesifiwa kwa miujiza. Kilabu hicho kichanga kilitwaa ubingwa mwaka huo huo wa kuzaliwa kwake. Pwani pia haikulala, kwani mwaka 1965 bingwa alitoka Mombasa, naye ni Feisal, kilabu chenye jina lililovuka bahari. Mwaka 1966 na 1967 zamu ikawa ya Abaluhya.

Simama kidogo hapa, uone jambo ambalo wengi hulipita mbio. Kabla ya kuungana, Mmarama na Msamia walikuwa wapinzani uwanjani, na kila mmoja alimwona mwenziwe kuwa mtu wa nje. Baada ya kuungana wakawa “sisi.” Hakuna aliyebadilisha damu yake, mlango tu uliongezwa upana. Hata jina la Waluhya kwa maana ya watu wote wa makundi yale si la kale sana: lilishika nguvu karibu na katikati ya karne ya ishirini. Nasi hapa pwani tusicheke, maana jina letu la Mijikenda, linalowakusanya Wagiriama, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Waribe, Wajibana, Warabai, Waduruma na Wadigo, lilienea katika miaka ya 1940. Babu wa babu yako alijua ni Mkauma au Mjibana. Neno lile kubwa analolitumia mjukuu wake kujitambulisha, yeye hakulijua. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba mpaka wa “watu wetu” uliwekwa na Mungu tangu mwanzo wa dunia, muulize kwa adabu ni mwaka gani.

Hata hivyo paa likishushwa mno huwa kifuniko. Chama kilichomkinga mgeni na mvua chaweza, baada ya miaka, kumkinga asionane na jirani. Watoto wa wahamiaji huzaliwa mjini, huzungumza lugha ya mjini, husoma na watoto wa kila namna. Lakini wakifika mlangoni mwa kilabu huulizwa baba yako ni nani. Mpira nao, tofauti na mazishi, huwa na upande wa pili. Upande huo ukiwa na jina la kabila, na upande huu ukiwa na jina la kabila, bao si bao tena, ni tusi. Na mwamuzi akikosea huonekana amekosea kwa niaba ya ukoo wake. Mechi za Gor Mahia na wapinzani wao zimepata kuvunjika kwa mawe. Ni kweli kwamba mashabiki wenyewe wamezipa mechi hizo jina la kupendeza, “mashemeji,” kwa sababu Wajaluo na Waluhya ni majirani wanaooana tangu zamani. Naona jina hilo lina hekima kuliko hotuba nyingi, maana shemeji ni mtu unayeweza kumtania, tena sana, lakini huwezi kumfukuza katika jamaa yako.

Serikali iliona hatari hiyo, ikatumia dawa yake. Mwaka 1980, wakati wa Rais Daniel arap Moi, iliamuliwa kwamba vyama vya kikabila vivunjwe, na vilabu vya michezo vikatakiwa kuacha majina ya kikabila. Abaluhya kikawa AFC Leopards. Luo Union, ambacho kilikuwa kimefufuka na kutwaa kombe la vilabu vya Afrika ya Mashariki na Kati mwaka 1976 na 1977, kikajiita Re-Union. Gor Mahia kilisalimika, kwa kuwa jina lake lilikuwa la mtu, si la kabila. Msomaji mwerevu ataona kicheko kilichofichwa humo. Leopards walizihifadhi herufi zao tatu wakazitafutia maana mpya, na Re-Union waliondoa neno moja wakaacha lililobaki lisikike vile vile. Mashabiki hawakupotea njia hata siku moja. Waliokuwa wakienda uwanjani Jumamosi iliyotangulia walikwenda tena Jumamosi iliyofuata, wakaimba kwa lugha ile ile, wamevaa rangi zile zile, buluu na nyeupe huku, kijani na nyeupe kule.

Sisemi kwamba amri ile ilikuwa upuuzi. Jina ni bango lililo juu ya mlango, na bango linaloandikwa “akina fulani tu” humrudisha mpita njia kabla hajabisha hodi. Kuliondoa kuna faida. Lakini bango si mlango. Waweza kuondoa bango na mlango ukabaki umefungwa kwa ndani, na waweza kuacha bango la zamani huku mlango u wazi na watu wanaingia. Ukitaka kujua kilabu ni cha nani, usisome jina lake. Tazama ni nani anayevaa jezi yake siku ya mechi ngumu.

Kwa hakika hapo ndipo vilabu vile viwili vilipopata sifa ambayo amri isingeweza kuwapa. Katika miaka ya 1980 langoni mwa Leopards, kilabu kilichozaliwa na wahamiaji wa magharibi ya Kenya, alisimama kijana wa Mombasa, Mahmoud Abbas. Huyu ndiye aliyelinda pia lango la taifa katika miaka ambayo Kenya ilitwaa kombe la Afrika ya Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, hata watu wakamwita “Kenya One.” Mtoto wa pwani alikuwa mgeni katika kilabu cha wageni, akapewa kazi ile ambayo haina msamaha: mshambuliaji akikosa husahauliwa, lakini mlinda mlango akikosa bao huandikwa. Watu hawamkabidhi mlango wao mtu wanayemwona wa nje. Walipomkabidhi, swali la asili yake lilikuwa limekwisha kujibiwa bila mkutano wowote.

Nao wapinzani wao mwaka 1987 walifika fainali ya kombe la washindi wa Afrika. Gor Mahia walitoka sare ya mabao mawili kwa mawili mjini Tunis na Espérance, kisha moja kwa moja Nairobi, wakashinda kwa hesabu ya mabao ya ugenini. Hakuna kilabu cha Kenya kilichokuwa kimepata kombe la bara zima kabla ya hapo. Shangwe yake haikuuliza kabila. Hilo ni jema, ingawa naliweka chini ya lile la Mahmoud Abbas, maana kumshangilia mshindi ni rahisi, na kila mtu humkuta mshindi kuwa ndugu yake.

Kuna mfano mwingine ambao watu wa pwani wanapaswa kuupenda. Joe Kadenge, mchezaji wa Abaluhya na wa timu ya taifa, aliyefariki mwaka 2019, alijulikana hata kwa watu ambao hawakupata kumwona akicheza, kwa sababu ya sauti iliyotoka redioni: “Kadenge na mpira!” Sauti hiyo ilikuwa ya Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Mombasa, wa ukoo uliotokana na watumwa waliokombolewa baharini na kuwekwa Freretown, kijiji kilichoanzishwa na misheni mwaka 1875. Baba yake, James Mbotela, aliandika habari za watu hao katika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa. Mbotela mwana alifariki mwaka 2025. Pima basi safari hizi mbili. Mmoja ni mtoto wa milima ya magharibi aliyefuata kazi mjini. Mwingine ni mjukuu wa watu ambao hawakufuata chochote, walikamatwa wakafungwa minyororo, wakatupwa pwani isiyo yao. Walikutana katika maneno matatu ya Kiswahili, na nchi nzima ikayakariri.

Sasa nikuvushe bahari kidogo, lakini tuanzie nyumbani. Hapa Malindi upo mnara wa Vasco da Gama, yule Mreno aliyefika mwezi wa Aprili 1498, akapata hapa rubani wa kumwongoza hata India. Huenda umekwisha kuupita mara nyingi. Ng’ambo ya pili ya Afrika, katika mji wa Rio de Janeiro nchini Brazili, kipo kilabu chenye jina hilo hilo. Kilianzishwa mwaka 1898, zikitimia karne nne za safari ile, na wahamiaji wa Kireno waliopenda mashindano ya makasia. Mpira wa miguu ulikuja baadaye. Mwaka 1923 Vasco da Gama kilitwaa ubingwa wa Rio, kikiwa na wachezaji weusi, machotara, na Wazungu maskini wafanyao kazi za mikono. Vilabu vya matajiri vilichukia. Mwaka 1924 viliunda shirikisho jipya, vikaiambia Vasco kwamba itakubaliwa kwa sharti la kuwaondoa wachezaji wake kumi na wawili, ati hawafai. Rais wa kilabu, José Augusto Prestes, alijibu kwa barua ya tarehe 7 Aprili mwaka huo kwamba hawatawatoa, na kwamba kwa sababu hiyo hawataingia katika shirikisho. Msimu huo wakacheza katika ligi iliyoachwa nyuma. Mwaka uliofuata wakaingizwa, wachezaji wao wakiwapo.

Hapa ndipo palipo kiini cha jambo. Jina Vasco da Gama si jina safi kwetu. Safari yake ya pili, mwaka 1502, ilileta mizinga Kilwa na ushuru, na baharini alichoma meli ya mahujaji pamoja na watu wake. Na waanzilishi walikuwa wageni wenye haki yote ya kusema, “Hiki ni chetu, sisi Wareno.” Isitoshe, hawakuombwa kufanya uovu mpya, waliombwa tu kufunga mlango ambao wengine wote walikuwa wameufunga. Kukataa kuliwagharimu msimu mzima na heshima ya kukaa meza moja na wakubwa. Naamini waliweza kukataa kwa sababu walijua mlango uliofungwa unavyoonekana kwa nje. Mgeni ana elimu hiyo ambayo mwenyeji hana, nayo ndiyo deni lake kwa mgeni anayemfuata. Akiisahau, hatuna budi kumhukumu kwa ukali zaidi ya mwenyeji aliyefanya vile vile.

Najua utasema, “Mwalimu, je, asili? Mkataa kwao ni mtumwa.” Methali ni ya kweli, lakini yasema juu ya kukataa, haisemi juu ya kukaribisha. Tuseme katika kambi moja ya mkonge kulikuwa na timu iliyoanzishwa na vibarua kutoka bara. Walichanga, wakanunua mpira, wakafyeka kiwanja, wakawa na mfuko wa mazishi. Miaka hamsini imepita. Sasa wachezaji walio bora ni Wagiriama na Wachonyi wa vijiji vya jirani, na wajukuu wa waanzilishi hawatoshi hata kukamilisha kumi na mmoja. Cha nani kilabu hicho?

Mimi najibu kwamba kilabu kina milango mingi, na kosa ni kuitendea yote kama mmoja. Mlango wa kiwanja ni wa anayecheza vizuri, awe nani. Anayempanga mjukuu mvivu na kumwacha jirani hodari anawaibia wote wawili. Mlango wa mfuko wa mazishi ni wa waliochanga na wanaochanga, na si uchoyo kusema hivyo. Historia ni ya waanzilishi kuisimulia, na ni haki yao isimuliwe kwa majina yao. Mgeni anayeingia leo aijue, kama bwana arusi anavyojifunza majina ya wakwe. Nyimbo ziimbwe kwa lugha yoyote, mradi asiyeijua afundishwe kiitikio.

Mlango wa mwisho ni wa kiti cha mwenyekiti, na huo ndio mgumu. Nimewasikia watu wakarimu kabisa, wanaompa mgeni jezi, chai na hata binti zao, wakisita hapo: acheze, lakini asitawale. Sababu wanazotoa huwa nzuri, kwamba hajui desturi, kwamba wazee watahuzunika, kwamba subirini kidogo. Wareno wa Rio walimchagua Cândido José de Araújo, ambaye hakuwa mweupe, kuwa rais wa kilabu chao mwaka 1904, kilabu kikiwa na umri wa miaka sita na bado hakijaanza kucheza mpira.